Ukichuja Data, Umebadilisha Kigeu

Kwenye mafaili ya data ya tafiti za demografia na afya, zile zinazojulikana zaidi kwa kifupi cha DHS, kuna safu wima inayoitwa m19. Ni uzito wa mtoto alipozaliwa, kwa gramu. Ukiteremka nayo utapita 2800, 3200, 3500, halafu utakutana na 9996. Huyo si mtoto wa kilo kumi. 9996 ni msimbo wa mtoto ambaye hakupimwa, na 9998 ni wa mama asiyejua uzito. Anayeanza kazi bila kufungua kitabu cha misimbo atapiga wastani wa 2800, 3000, 3200 na 9996, apate 4749. Kwa watoto wanne kosa linajionyesha lenyewe. Lakini chukua watoto 8,000 wenye uzito wa kawaida, 200 kati yao wawe hawakupimwa: wastani utapanda kwa gramu 170 hivi tu, na namba hiyo itaingia kwenye ripoti bila mtu kugutuka.

Basi anazifuta hizo 9996. Wastani wa wale wanne unashuka hadi 3000 na roho inatulia. Ila swali gumu ndiyo kwanza linaanza: hiyo 3000 ni wastani wa nani? Wanaopimwa ni hasa wanaozaliwa kwenye kituo cha afya. Wanaozaliwa nyumbani, mara nyingi mbali na barabara na kwenye kaya zenye kipato kidogo, ndio wanaojaa kwenye msimbo ule uliofutwa. Safu bado inaitwa m19, jina halijabadilika hata herufi moja, lakini kigeu, yaani kitu chenyewe kinachopimwa, si kile tena. Mwanzo kilikuwa uzito wa mtoto aliyezaliwa. Sasa ni uzito wa mtoto aliyezaliwa na akapimwa.

Kigeu na uteuzi, yaani kuchagua kipi kibaki na kipi kiondoke, hufundishwa mahali tofauti. Kigeu unakutana nacho kwenye aljebra, if (amri ya "kama") kwenye somo la kompyuta, sampuli kwenye takwimu. Kila fani ina maana yake na kwake ni sahihi. Taabu ni kwamba anayechambua data leo hufanya zote tatu ndani ya mistari kumi ya programu, na mipaka baina yake haina geti.

Herufi na uwanja wake

Mlinganyo 2x = 7 una jibu gani? Kama x ni namba kamili, hauna. Kama sehemu zinaruhusiwa, ni 7/2. Kwenye hesabu ya mzunguko wa 5, ambako 7 ni sawasawa na 2, jibu ni 1. Na Python, lugha ya kuandikia programu, ukiiandikia 7 // 2 itarudisha 3, kwa kuwa alama hiyo hutupa baki. Mlinganyo ni ule ule. Kilichobadilika ni uwanja, yaani seti ya thamani ambazo x imeruhusiwa kushika. Kigeu kisichotajiwa uwanja bado hakijakamilika, na ndiyo maana mwalimu makini huandika "x ni namba halisi" kabla hajaandika kitu kingine.

Mtindo huu wa herufi si wa kale sana. Al-Khwarizmi, karne ya 9 huko Baghdad, alifanya aljebra nzima kwa maneno matupu. François Viète mwaka 1591 alitenga irabu kwa visivyojulikana na konsonanti kwa vinavyojulikana, kisha René Descartes mwaka 1637 akaleta utaratibu tulio nao: a, b, c kwa vinavyojulikana, x, y, z kwa vinavyotafutwa.

Jambo linalowapita wengi ni tofauti ya kigeu kilichofungwa na kilicho huru. Chukua jumla ya i² kuanzia i = 1 hadi n. Ukiuliza "n ni ngapi?" umeuliza swali la maana; ukipewa 3, jumla ni 1 + 4 + 9 = 14. Ukiuliza "i ni ngapi?" hujauliza kitu. i imefungwa ndani ya jumla, inapita kwenye thamani zote kwa zamu kisha inapotea. Ibadilishe iwe k, hakuna kinachoharibika. Ibadilishe iwe n, umevunja kila kitu, kwa sababu n ya ndani imeimeza ile ya nje. Mwandika programu anaujua ugonjwa huu kwa jina jingine: kitanzi ndani ya kitanzi, vyote vinatumia i, na cha ndani kinaiharibu hesabu ya cha nje. (Huru hapa haihusiani na kile ambacho watu wa takwimu wanakiita kigeu huru, ambacho ni kinyume cha kigeu tegemezi. Neno limeazimwa mara mbili, na wanafunzi ndio wanaolipa.)

Mpangilio wa vifungo, yaani "kwa kila" na "ipo", nao una uzito wake. "Kwa kila namba ipo namba kubwa kuliko hiyo" ni kweli. "Ipo namba iliyo kubwa kuliko kila namba" ni uongo. Vigeu ni viwili vile vile, kilichohama ni zamu tu. Gottlob Frege ndiye aliyeyapa mambo haya alama zake kamili mwaka 1879, na hadi leo makosa mengi ya hoja kwenye karatasi za mtihani ni zamu hizo mbili kugeuzwa.

Kuchagua katika hisabati kuna mkasa wake. Ukiwa na jozi za viatu zisizo na mwisho, unaweza kusema "chukua cha kushoto katika kila jozi", na sheria hiyo moja inamaliza kazi. Ukiwa na jozi za soksi zisizo na mwisho, kushoto na kulia havitofautiani, huna sheria ya kuandika. Mfano huo ni wa Bertrand Russell. Ernst Zermelo mwaka 1904 alilitaja wazi dai linaloruhusu kuchagua hata hapo: uteuzi upo, hata kama hakuna anayeweza kusema umefanywaje. Kurt Gödel mwaka 1938 alionyesha dai hilo haliwezi kuleta mgongano na misingi mingine ya seti, na Paul Cohen mwaka 1963 akaonyesha misingi hiyo haiwezi kulithibitisha. Liko hapo, ulichukue au uliache.

Linganisha mwanahisabati na wenzake wawili, kompyuta na mtu wa takwimu. Kompyuta haichagui bila sheria iliyoandikwa. Mtu wa takwimu naye anataka zaidi ya sheria: anataka kila kitu kiwe na uwezekano unaojulikana wa kuchaguliwa. Ndiyo maana "chagua namba asilia yoyote, zote zikiwa na nafasi sawa" ni kauli isiyo na maana kwake. Nafasi ya kila moja ikiwa sifuri, jumla yake ni sifuri. Ikiwa kubwa kuliko sifuri, hata kwa chembe, jumla haina kikomo. Kwa vyovyote haifiki 1. Mwanahisabati anaichagua bila jasho.

Ndani ya mashine

x = x + 1. Ukiisoma kama mlinganyo, toa x pande zote na unabaki na 0 = 1. Ukiisoma kama amri, ni ya kawaida kabisa: soma kilichomo kwenye x, ongeza moja, kiweke tena humo. Robert Recorde alipoibuni alama ya = mwaka 1557 alimaanisha usawa. Fortran, lugha ya kuandikia programu, ilipotoka mwaka 1957 iliipa kazi ya kuweka thamani. ALGOL ikajaribu kutenganisha kwa :=, R ina <- hadi leo, lakini C ilishika njia ya Fortran na lugha nyingi zikaifuata C. Urithi wake ni if (x = 5), ambayo katika C inaweka 5 ndani ya x kisha inahesabiwa kuwa kweli kila mara. Python ilikata mzizi: = ndani ya if ni kosa la sarufi, programu haianzi.

Kigeu cha kompyuta kina jina, mahali kwenye kumbukumbu, na aina. Aina ndiyo uwanja wake. Namba kamili ya biti 16 yenye alama inashika kuanzia -32,768 hadi 32,767, basi. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5, katika safari yake ya kwanza, iliacha njia na kulipuka kabla dakika moja haijaisha. Thamani moja inayohusiana na mwendo wa mlalo, iliyohifadhiwa kama namba ya desimali ya biti 64, iligeuzwa kuwa namba kamili ya biti 16 na haikutosha. Sehemu hiyo ya programu ilitoka Ariane 4, ambako kwa njia iliyokuwa ikipitwa thamani ile isingeweza kufika huko. Msimbo ulikuwa ule ule. Roketi ndiyo iliyobadilika, na uwanja wa kigeu ukabadilika nayo.

Jina na mahali navyo vinaweza kuachana, hasa pale unapochagua. Jaribu hii kwenye NumPy, maktaba ya hesabu ya Python:

a = np.array([10, 20, 30, 40])
b = a[0:2]
b[0] = 99

Sasa a ni 99, 20, 30, 40. Hukuigusa a, lakini b haikuwa nakala, ilikuwa dirisha la kutazamia kumbukumbu ile ile. Halafu andika c = a[a > 15] na ubadilishe c[0]: a haitikisiki. Kipande cha "kuanzia hapa hadi pale" ni dirisha. Chujio la sharti hutoa nakala. Sababu ni ya kimashine tu: vipande vilivyopangana kwa hatua sawa vinaweza kuelezwa kwa mwanzo, hatua na idadi, ila vilivyotawanyika kwa sharti haviwezi, hivyo inabidi vinakiliwe. Anayesafisha data kwa vipande na asiandike .copy() ataharibu faili la awali huku akiamini analifanyia kazi faili dogo.

Kuhusu if yenyewe sina mengi. Corrado Böhm na Giuseppe Jacopini mwaka 1966 walionyesha kwamba mfuatano, uteuzi na marudio vinatosha kuandika programu yoyote. Penye utajiri ni kuchagua mistari ya jedwali, kwa sababu hapo zana nne maarufu (SQL ya hifadhidata, Pandas ya Python, R na Stata za takwimu) zinakupa majibu tofauti kwa swali moja.

Tuseme jedwali lina watu watano na kipato chao kwa maelfu ya shilingi: 0, 150, 300, tupu, 90. Wa nne hakujibu. Unataka wenye kipato kisicho sifuri.

SQL, kwa WHERE kipato <> 0, inarudisha watu watatu. Pandas, kwa df[df.kipato != 0], inarudisha wanne, kwa sababu kwake nafasi tupu, NaN, hailingani na kitu chochote, hata na NaN nyingine, kwa hiyo "si sawa na sifuri" ni kweli. (Ukiwa umetumia aina mpya ya Int64, ambayo tupu yake ni pd.NA, mstari huo unaondoka. Ndani ya zana moja!) R, kwa df[df$kipato != 0, ], inarudisha mistari minne pia, ila wa nne umegeuka NA kwenye safu zote, hata jina la kijiji limefutika; ukitumia filter() ya dplyr, kifurushi cha R, unapata mitatu. Stata inakupa wanne. Sasa badilisha sharti liwe zaidi ya 100. SQL na Pandas zinatoa wawili. Stata inatoa watatu, kwa kuwa inaichukulia nafasi tupu kuwa kubwa kuliko namba yoyote. Hivi ndivyo asiyejibu anavyoingia kwenye kundi la matajiri. Dawa katika Stata ni kuandika sharti lote: keep if kipato > 100 & !missing(kipato).

SQL ina mantiki ya thamani tatu: kweli, uongo, haijulikani. WHERE hupitisha kweli peke yake. Kwa hiyo kipato > 100 OR kipato <= 100, ambayo mwanafunzi wa hisabati angeapa inabeba kila mtu, inarudisha wanne kati ya watano. Mbaya zaidi ni NOT IN: orodha ya kukatazwa ikiwa na NULL (nafasi tupu ya SQL) moja tu, jibu zima linakuwa tupu, kwa sababu hakuna mstari unaoweza kuthibitika kuwa haufanani na kisichojulikana. Tumia NOT EXISTS.

Na wastani wa wale wenye kipato kisicho sifuri? AVG ya SQL na mean() ya Pandas zote huruka tupu, hivyo zote zinatoa 540/3 = 180. Lakini anayechukua jumla na kuigawa kwa len(df) ya Pandas, idadi ya mistari baada ya kuchuja, anapata 540/4 = 135. Wote wawili wataandika "wastani wa kipato cha wenye kipato" juu ya jedwali.

Tahadhari moja ndogo kabla ya kutoka hapa: alama ya < na ile ya <=. Mtoto mwenye uzito mdogo, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, ni wa chini ya gramu 2500. Uzito unaosemwa kwa kukumbuka hurundikana kwenye namba za duara kama 2500, 3000 na 3500. Rundo la 2500 liko sawasawa juu ya mpaka, kwa hiyo alama moja ya = inaweza kuhamisha watoto wengi kwa mkupuo. Safu ya m19a inakuambia kama uzito ulisomwa kwenye kadi au ulikumbukwa. Anayeripoti kiwango bila kuitazama anakadiria kwa mazoea ya watu ya kukadiria.

Dadu mbili

Kwenye takwimu, msingi wa sasa uliwekwa na Andrey Kolmogorov mwaka 1933, na ndani yake kigeu nasibu ni kanuni inayopewa tokeo na kurudisha namba. Tokeo ndilo la bahati. Kanuni imesimama palepale. Rusha dadu mbili, nyekundu na nyeupe. Matokeo ni 36, na kigeu X kinachukua kila tokeo na kurudisha jumla yake. Jumla ya 7 inatoka kwa njia 6, uwezekano ni 1/6.

Nirushe nikiwa nimezifunika. Unauliza, "Kuna sita hata moja?" Nakujibu ipo. Matokeo yenye sita ni 11, na kati yake yenye jumla ya 7 ni mawili: sita na moja, moja na sita. Uwezekano sasa ni 2/11. Rusha tena, safari hii dadu moja inadondoka chini ya meza, unaiona ni sita. Uwezekano wa jumla ya 7 ni 1/6. Katika hali zote mbili unajua "kuna sita". Tofauti ni jinsi habari ilivyokufikia, yaani sheria iliyochagua. Faili la data lililochujwa halibebi sheria hiyo. Linakuonyesha mistari iliyobaki, basi.

Kibaya zaidi, uteuzi unaweza kuzalisha uhusiano ambao haukuwepo. Dadu nyekundu haijui lolote kuhusu nyeupe. Sasa bakiza tu mirusho yenye jumla ya 9 au zaidi. Yako matokeo kumi. Nyekundu ikiwa 3, nyeupe lazima iwe 6. Nyekundu ikiwa 4, nyeupe ni 5 au 6, wastani 5.5. Ikiwa 5, wastani wa nyeupe ni 5. Ikiwa 6, ni 4.5. Kila nyekundu inapopanda moja, nyeupe inashuka nusu, mstari ulionyooka kabisa, kutoka kwenye vitu viwili visivyohusiana. Joseph Berkson alilieleza hili mwaka 1946 kwa wagonjwa waliolazwa hospitali: magonjwa mawili yasiyohusiana yanaonekana kuhusiana ukiangalia wodini tu, kwa sababu kila moja ni njia ya kuingia wodini. Chuo kinachodahili kwa jumla ya alama za hisabati na lugha kitaona jambo hilo hilo kwa wanafunzi wake, na mtu ataandika kwamba wanaojua hesabu hawajui lugha. Hakuna zana itakayokuonya. Kwa kompyuta, WHERE jumla >= 9 ni chujio safi lisilo na kasoro.

Kaya 26

Ndiyo maana tafiti kubwa hutumia nguvu nyingi kwenye uteuzi kabla hata swali la kwanza halijaulizwa. Utafiti wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulichukua maeneo 629 ya kuhesabia watu na kaya 26 katika kila eneo, jumla 16,354. Uteuzi wa namna hii una hatua mbili. Kwanza maeneo yanachaguliwa kwa uwezekano unaolingana na ukubwa wake, kisha kaya zinachaguliwa kwa idadi ile ile kila eneo. Hesabu yake ni nzuri kuitazama. Mkoa una kaya 100,000, unachagua maeneo 20. Eneo lenye kaya 120 lina uwezekano wa 20 × 120/100,000. Ndani yake kila kaya ina 26/120. Ukizidisha, 120 zinakatana: 520/100,000, ambayo ni 0.0052 kwa kila kaya mkoani, liwe eneo kubwa au dogo. Kila kaya iliyochaguliwa inawakilisha 192 hivi, na namba hiyo ndiyo uzito wake.

Zinakatana iwapo tu orodha ya sensa bado ni kweli. Timu ikifika na kuorodhesha upya, pembezoni mwa mji zile kaya 120 zimekuwa 180. Uwezekano sasa ni 0.024 × 26/180, takriban 0.00347, na uzito wa kaya ni 288. Asiyetumia uzito anawapunguza hasa watu wa maeneo yanayokua kwa kasi.

Kuchagua zile 26 kati ya 180 kunataka hatua ya 180/26, yaani 6.92. Anza na namba ya bahati kati ya 0 na 6.92, tuseme 3.41, kisha ongeza 6.92 kila mara na upandishe desimali: kaya ya 4, ya 11, ya 18, na kuendelea. Usizungushe hatua hiyo iwe 6 ili kurahisisha. 26 × 6 ni 156, kwa hiyo kaya 24 za mwisho wa orodha hazina nafasi kabisa ya kuchaguliwa, na mwisho wa orodha mara nyingi ndiko ziliko nyumba zilizojengwa juzi. Na mdadisi akikuta mlango umefungwa, haruhusiwi kuingia kwa jirani. Akiingia, sampuli inakuwa ya watu wanaoshinda nyumbani.

Zanzibar inaonyesha kwa nini uzito si pambo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, Zanzibar wakiwa 1,889,773, yaani 3% hivi. Lakini mikoa yake ni 5 kati ya 31. Kama kila mkoa ungepewa sampuli sawa ili takwimu zake zisimame zenyewe, Zanzibar ingekuwa 16% ya faili. Wastani wa taifa bila uzito ungesikiliza sauti ya visiwani mara tano zaidi ya inavyostahili. Kwenye mafaili ya wanawake uzito uko kwenye v005, nao unagawanywa kwa 1,000,000 kwa kuwa desimali sita zimefichwa. Ukisahau kugawanya, wastani hautabadilika; jumla ndizo zitakazolipuka.

Hapa pia chujio la msimbo linagongana na takwimu. Unataka wanawake wa miaka 15 hadi 19 peke yao. Ukifuta mistari mingine kwanza, kisha ukaeleza muundo wa sampuli, makadirio yatakuwa sawa lakini makosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi makadirio yanavyoweza kuyumba, yanaweza kuwa si sahihi, kwa sababu eneo lisilo na msichana wa umri huo limetoweka kana kwamba halikuchaguliwa kamwe. Kwenye R eleza muundo kwanza kwa svydesign(), ukitaja v021 kwa maeneo, v023 kwa matabaka (makundi ambayo nchi iligawanywa kabla ya kuchagua) na uzito, halafu ndipo utumie subset() juu ya muundo huo. Kwenye Stata tumia svy, subpop().

Kama unachagua kwa namba za bahati za kompyuta, hifadhi mbegu, yaani namba inayoanzisha mfuatano wake, pamoja na toleo la programu. Toleo la R 3.6.0 la mwaka 2019 lilibadilisha namna sample() inavyofanya kazi, kwa hiyo set.seed() ile ile haitoi sampuli ile ile kabla na baada yake. Na usitumie baki ya mgawanyo kupata namba ya bahati. Baiti moja ina thamani 256. Ukichukua baki kwa 26, 256 ni 9 × 26 na ziada ya 22, hivyo chaguo 22 za kwanza zina nafasi 10 kila moja na nne za mwisho zina 9.

Kuchagua vigeu vyenyewe

Hatimaye kuna kuchagua safu, siyo mistari. Una vigeu 20 na unataka kujua kipi kinahusiana na matokeo. Ukipima kila kimoja kwa kiwango cha 0.05, yaani kukubali kengele ya uongo mara 5 kati ya 100, na vyote ni makapi yasiyotegemeana, uwezekano wa angalau kimoja kuonekana cha maana ni 1 toa 0.95 kwa kipeo cha 20, sawa na 64%. David Freedman mwaka 1983 alionyesha ubaya wake kwa vigeu 50 vya nasibu tupu na mistari 100: endesha modeli, bakiza vinavyoonekana kuelekea kwenye maana, endesha tena na hivyo tu. Mara ya pili modeli inapendeza, kwa sababu jaribio la pili halijui kwamba kulikuwa na la kwanza. Programu nyingi bado zina kitufe cha kuongeza na kupunguza vigeu hatua kwa hatua, nacho kinafanya hivyo hivyo. Lasso, mbinu ya Robert Tibshirani ya mwaka 1996, inachagua na kukadiria kwa pamoja na inapunguza ukubwa wa makadirio, kwa hiyo inatenda haki zaidi, ila nayo haikupi ruhusa ya kusoma thamani za p (uwezekano wa kuona uhusiano mkubwa hivyo hata kama haupo) kana kwamba vigeu vilikuwa vimetajwa kabla ya data kuonekana.

Wanaojenga modeli za kubashiri hujikinga kwa kugawa data mafungu, kufundisha kwa mengine na kupima kwa lililoachwa. Kinga hiyo inavuja mahali pamoja panapojulikana. Chukua watu 50, nusu wagonjwa na nusu wazima, na safu 5,000 za namba za nasibu tupu. Chagua safu 100 zinazohusiana zaidi na ugonjwa kwa kutumia watu wote 50, ndipo ugawe mafungu na upime. Kosa litaonekana kuwa karibu 3%. Fungu la kupimia lilishapiga kura wakati safu zinachaguliwa. Peleka hatua ya kuchagua ndani ya kila mzunguko, ifanywe upya bila fungu lililoachwa, na kosa linapanda hadi karibu 50%, sawa na kurusha shilingi.